Maji Nyuma ya Boriti

Korogwe, Jumamosi alasiri

Mwanangu Zaina,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kununua godoro la kupanda nalo Lushoto kesho kuanza kazi, na mimi nimebaki na nyumba, penseli ya kuchorea mbao, na daftari la mdogo wako ambalo nimelichana kurasa bila ruhusa yake. Penseli ya seremala ni nene, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Mambo ya kula, kuvaa na kumwamkia kila mkubwa utakayemkuta, mama yako ameyasema wiki nzima mpaka hata mimi nimeyakariri, na sitayarudia. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nimelichelewesha miaka kumi na miwili. Mama yako analijua. Ndiyo maana amekutoa nyumbani makusudi, na pale mlangoni alinitazama kwa yale macho yake ya "nikirudi nikute umemaliza".

Wiki mbili zilizopita, ulipoanza kupanga begi, nilipita ukumbini nikakuona unakunja karatasi ya nailoni. Uliikunja mara nne, ukaiweka chini kabisa, chini ya mashuka, halafu ukageuka kuangalia kama kuna mtu. Mimi nikajifanya natafuta miwani. Wewe ni mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, una cheti cha useremala, unaunga fremu ya mlango hata mwalimu wako hapati pa kupitisha kucha. Na bado kila ukienda kulala ugenini unatandika nailoni chini ya shuka. Katika nyumba hii hujawahi kulowesha godoro hata siku moja. Mimi najua kwa nini, na wewe hujui.

Nianze mbali kidogo. Unanijua, sipigi msumari mpaka niizunguke mbao mara tatu.

Babu yangu aliletwa huku kutoka Kigoma kukata mkonge. Watu wa aina yake waliitwa manamba, kwa sababu kwenye orodha ya mwajiri kila mmoja alikuwa namba yake. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za kambi, safu ndefu za vyumba vinavyofanana, ambako jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Nilipokwenda Kwedizinga kumposa mama yako, wazee wa kwao, Wazigua waliolima pale tangu enzi za mababu zao, waliniuliza maswali matatu, na yote matatu yalikuwa "wa wapi huyu?". Walinipa mke, na hawakunitukana hata mara moja. Lakini mimi nilikuwa na masikio yaliyosikia neno "manamba" hata pale ambapo mtu alikuwa anaagiza chumvi tu.

Basi nikafanya mambo mawili ili wanikubali. La kwanza, nilizishika mila zao kuliko wao wenyewe. Unajua mkwe wa kiume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Wakwe wengine wa pale walikuwa wameshalegeza. Wakiitwa kubadilisha taa, wanapiga hodi wanaingia. Mimi hata mlango wa chumba cha bibi yako nilikuwa siutazami. Nikimwona anakuja njiani, mimi niko porini tayari, nimeinamisha kichwa, miba inanichoma. Mama yako alikuwa ananicheka, anasema, "Wewe unamheshimu mama yangu mpaka anaogopa kutoka nje."

La pili, nikajenga. Nyumba ya bibi yako imekaa kwenye mteremko. Ni ya matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo, halafu ikapigwa lipu ya saruji kwa nje. Nyuma ya nyumba ardhi inashuka, hapakuwa na pa kuweka hata kigoda. Mimi nilikuwa nimefanya kazi miezi michache huko huko unakokwenda, nikaona nyumba za wageni zenye mabaraza ya mbao yaliyonyanyuliwa juu ya nguzo, mtu anakaa anatazama bonde. Nikasema, mama mkwe wangu atakuwa wa kwanza Kwedizinga kuwa na baraza la namna hiyo, apepetee mahindi yake kwenye upepo kama mtu mwenye heshima zake. Nikapeleka mbao kutoka Korogwe. Upande wa mbele nikasimamisha nguzo. Upande wa nyumba nikachukua boriti moja ndefu, nene, nikaibana ukutani kwa bolti, ikagandamana na lipu barabara. Mihimili yote ya sakafu ikashikwa na boriti hiyo, na sakafu ikawa sawa na sakafu ya ndani, kiasi kwamba bibi yako angetoka mlango wa nyuma bila kuinua mguu.

Na nikaipima, Zaina. Nilikuwa na pima maji mpya, nikaiweka kila pembe mpaka povu likatulia katikati kila mahali. Mbao nikazibana moja kwa nyingine bila upenyo, maana nilitaka ionekane kazi safi. Siku ya kumaliza, mjomba wako Sefu alichukua gololi ya mtoto akaiweka katikati ya baraza mbele ya watu. Haikusogea. Akasema, "Shemeji, kumbe manamba mnajua." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Usiku ule nililala kama mtu aliyepewa uraia.

Sasa wewe ni fundi, na najua umeshaona kosa kabla sijalisema. Gololi ilitakiwa iende. Ilitakiwa ibingirike taratibu kwenda nje, mbali na nyumba, kwa sababu maji ya mvua yatafanya kile kile itakachofanya gololi. Baraza langu lilikuwa limenyooka kama meza, na maji ya juu ya meza hayana pa kwenda. Yalikuwa yanatuama ukutani, yanajipenyeza nyuma ya boriti, kati ya mbao na lipu, mahali pasipofika jua wala upepo. Sikuweka bati la kukinga juu ya boriti. Sikuacha nafasi ya kupumua. Wazee waliojenga za udongo na miti waliacha upenu mrefu, mvua inamwagika mbali na ukuta, na sisi mafundi wa cheti tukawaona washamba.

Mwaka uliofuata mama yako akapata mimba ya mdogo wako, ikamsumbua, daktari akamwambia alale. Tukakupeleka kwa bibi uanzie shule kule. Ulikuwa na miaka sita na nusu. Bibi akakutandikia godoro lako dogo chini, chumbani kwake, pembeni ya ukuta wa nyuma.

Masika ikaingia. Kule Handeni, wilaya ya bibi yako, mvua ni ya kuombewa, lakini mwaka ule iliombwa ikaitika. Asubuhi moja bibi akaliinua godoro akakuta limelowa. Kesho yake tena. Mvua ikikatika unakauka, ikirudi na wewe unarudi. Watu wazima tulikaa tukatoa hukumu: baridi ya mvua inamkojoza mtoto. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni mtoto wa namna gani anayekojoa kwa kufuata mawingu.

Nilikuja kukutazama Jumamosi moja. Godoro lako lilikuwa limeanikwa kwenye ukingo wa baraza, baraza langu, na watoto wa jirani wamejipanga chini wanakuimbia. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya mlango. Ukaniambia, "Baba, si mimi." Nikakujibu, mbele ya watu, "Si wewe ni nani, ukuta?"

Walicheka sana. Na mimi nilifurahi kuwachekesha wakwe zangu. Nimeirudia sentensi ile kichwani mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma dua yoyote, na kila mara nakuona unavyorudi nyuma ya mlango polepole, bila kulia. Nilikuwa nimelitaja jibu kwa mdomo wangu mwenyewe, na sikulisikia.

Yaliyofuata unayakumbuka kuliko mimi. Kuanzia alasiri ulikuwa hupewi maji ya kunywa, katika joto lile. Mjomba Sefu akakupa jina la Masika, na jina likashika kwa kuwa lina utamu masikioni. Mpaka leo kuna watu wanadhani ni jina lako la pili. Mama yako alipopata nafuu akaja kukuona, akakuchapa mara mbili, kwa aibu ya kuanikiwa godoro mbele ya kaka zake. Misimu miwili ikapita hivyo. Ulipofika miaka minane tukakurudisha Korogwe, na hapa hukulowesha kitu. Shangazi wa mama yako akasema ni dawa ya mizizi aliyokunywesha. Bibi akasema ni dua. Mimi nikasema umekua.

Katika miaka hiyo niliona mara moja ufa mdogo kwa nje, juu ya boriti. Nikauziba kwa saruji na kupaka rangi. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa, na ukuta niliujenga vile vile, kwa sababu nilichofanya ni kuyafungia maji ndani. Ufa ulikuwa unaniambia kitu, nami nikaupiga plasta mdomoni.

Ulikuwa na miaka kumi Idi ile baraza lilipong'oka. Bibi yako alikuwa amekaa na wageni wawili, wanakunywa chai. Boriti ikajitoa ukutani upande mmoja, sakafu ikainama, wakateleza wote watatu. Wageni walitoka na michubuko. Bibi akavunjika kifundo cha mkono. Nilipofika kesho yake nilichutama nikaitazama boriti. Kwa mbele rangi ilikuwa bado inang'aa, ungesema nimeipaka wiki ile. Kwa nyuma nilipitisha kidole kikazama. Mbao niliyoichagua mwenyewe, nikaibeba begani mwenyewe, ilikuwa laini kama muhogo uliooza.

Nilihitaji kuona ukuta kwa ndani. Nikawaambia watafute fundi mwingine aingie, mimi siwezi, ni chumba cha mama. Bibi yako alikuwa amekaa uani, mkono umefungwa, akanyanyua sauti ili kila mtu asikie: "Ingia, mkwe wangu. Ukuta haujui ukwe."

Nikaingia. Niliingia nimeinamisha macho sakafuni, kwa heshima, na sakafuni ndiko nilikokuta. Chini ya ukuta, lipu ya ndani ilikuwa imevimba na kutoa chumvi nyeupe, na saruji ya sakafu ilikuwa na baka la maji ya zamani. Lilikuwa refu, jembamba, limenyooka kando ya ukuta. Lilikuwa na urefu wa godoro la mtoto.

Nikauliza, "Zaina alikuwa analala wapi?" Bibi yako alikuwa amesimama mlangoni. Akaonyesha kwa kidevu. Kisha akanitazama, na mimi nikatazama chini.

Nilipotoka nje, Mjomba Sefu akaniuliza kumetokea nini. Nikasema, "Mchwa." Akacheka, akasema mchwa wa Kwedizinga hawana adabu hata kwa kazi ya mkwe. Na jambo likaishia hapo.

Kukosea kazi, mwanangu, hakunisumbui sana. Fundi asiyewahi kuharibu mbao ni yule anayeuza mbao. Kinachoniuma ni lile neno moja, mchwa. Nilikuwa nimeshajua. Ningeweza kurudi Korogwe jioni ile ile nikakuita, ulikuwa na miaka kumi tu, aibu bado ilikuwa mbichi na ingetoka kwa urahisi. Lakini nilihesabu watu watakaosikia kwamba mjukuu wa manamba alimwangusha mama mkwe wake na kumnywesha mwanawe aibu ya bure, nikaona ni wengi. Nikajiambia mtoto husahau. Mwaka uliofuata nikajiambia imepita. Baadaye nikajiambia, nikisema sasa ataniuliza kwa nini sikusema wakati ule. Kila mwaka uliongeza uzito wake juu ya mwaka uliotangulia. Na wewe ulikuwa unakua, unakataa kwenda kambi za shule, unakataa kulala kwa rafiki zako, na mimi nawaambia watu binti yangu anapenda kwao.

Baraza nilijenga upya, na hilo nililijenga vizuri, limesimama mpaka leo. Nilikata mfereji mwembamba kwenye lipu juu ya boriti, nikaingiza ukingo wa bati lililokunjwa humo ndani, likashuka likaifunika boriti kichwa chake na kuning'inia mbele kidogo, ili tone likianguka lianguke mbali. Boriti sikuigandamiza tena ukutani. Niliweka vipande vya chuma katikati, upepo ukapita. Mbao nikaziachia nafasi ya kupitisha msumari mnene. Na sakafu nikailaza kwenda nje, kidogo tu, mguu hausikii lakini maji yanasikia. Ukiweza, huko juu washauri wenye nyumba baraza lisimame kwa nguzo zake lenyewe, pande zote nne, lisiiegemee nyumba kabisa. Wengi watakataa kwa sababu ya gharama. Basi angalau likiegemea, liegemee kwa adabu.

Kuna kitu kingine nilijifunza, na hiki hukukisikia chuoni. Mwaka juzi niliitwa Mombo kwa mama mmoja mwenye hoteli ya chakula pale abiria wanaposhuka. Alitaka nimbadilishie mbao za kibaraza kwa nje, basi. Nikamwambia, "Naomba kwanza nione ndani." Akashangaa, akasema ndani ni chumba cha wanangu wa kike, wewe shughulika na huku. Nikamwambia mpaka nione ndani, au sifanyi. Akamwita binti yake akapange pange, nikaingia, nikagusa ukuta kwa kiganja, na ulikuwa unalia maji nyuma ya kabati la nguo. Binti akasema, "Nilimwambia mama nguo zinaota ukungu, akasema mimi ni mchafu." Nilitoka nje nikajifanya napima nguzo.

Wewe utaingia vyumba ambavyo mafundi wa kiume tunasimama milangoni. Wamama watakufungulia. Watoto watakuonyesha wanapolala. Wenzako watakucheka kwamba mwanamke kashika randa, na hilo mimi na wewe tumelizoea, lakini hawana wazo ni mlango mkubwa kiasi gani umefunguliwa kwako. Gusa ukuta kwa ndani kabla hujapiga bolti kwa nje. Na mtu akikuambia "si mimi", hata awe mtoto mdogo, mwamini kwanza ndipo uende ukatazame.

Usiku ule nilipokuona na nailoni nilimwambia mama yako kila kitu. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja mpaka zikaisha, kisha akazikunjua, akaanza upya. Nilidhani atanifokea kuhusu baraza. Akasema, "Nilimpiga. Mara mbili." Halafu akasema, "Lile godoro lilikuwa halinuki mkojo. Lilinuka udongo. Nililisikia kwa pua yangu nikasema ni vumbi la Kwedizinga." Siku ya tatu akasema aibu ulipewa hadharani, kwa hiyo haiwezi kutolewa chumbani.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita tulikwenda Kwedizinga bila wewe. Ulidhani tumekwenda kuaga kwa niaba yako. Nilimwomba Mjomba Sefu awaite wote, shangazi, majirani, hata wale waliokuwa wakikuimbia, ambao sasa wana watoto wao. Wakakaa uani. Nikasimama nikasema, mtoto wangu hakuwahi kukojoa katika nyumba hii, yalikuwa maji ya baraza langu, na nimelijua hilo miaka kumi na miwili, na mchwa niliowasingizia niwaombe radhi na wao. Hapo mmoja alicheka kidogo, akaacha.

Bibi yako ndiye aliyeanza kusema. Amezeeka, sauti yake sasa ni ndogo, lakini wote walimsikia. "Mimi niliona maji ukutani tangu masika ya kwanza," akasema. "Nikawaza, nikisema, watamwambia mkwe wangu hajui kazi, naye ni mtu wa kujihesabu kila siku kama anatosha. Nikaona mtoto akichekwa haidhuru, mtoto husahau. Mimi nilimheshimu mkwe kwa mgongo wa mjukuu wangu."

Zaina, mimi nilikuwa nimekaa miaka yote nikiamini nimemficha yule mama. Kumbe yeye alikuwa ananificha mimi. Tulikuwa watu wazima wawili tunaoneana haya, na katikati yetu tulimlaza mtoto kwenye maji. Nililia pale uani mbele ya wakwe zangu, kitu ambacho mila haijasema kama kinaruhusiwa. Hakuna aliyeniita manamba. Nadhani walikuwa wameacha zamani, na mimi ndiye niliyebaki nikijiita.

Mjomba Sefu, unavyomjua kwa maneno, aliinuka akaenda kunawa uso nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akaniuliza ana haki ya kukupigia simu au asubiri. Nikamwambia asubiri, niachiwe mimi nitangulie. Atakuita Zaina, nina hakika, na ukitaka kumtesa kidogo kabla hujaitika, mtese. Bibi yako anasema ukipata likizo ya kwanza uende kwake, anataka kuzungumza na mke mwenzake wakiwa wawili tu, na wanaume wasiwepo.

Nailoni sijaigusa. Iko pale pale ulipoiweka. Najua jambo la miaka kumi na mitano halitoki mwilini kwa sababu mzee ameandika barua, na wewe ukiona bado unaihitaji siku za kwanza, itandike bila kumwonea haya mtu. Ninachotaka ni ujue tu unachokitandikia. Hukuwa mgonjwa, hukuwa mkaidi, dawa ya shangazi haikukuponya kwa kuwa hapakuwa na cha kuponya. Ulikuwa mtoto mkavu uliyelazwa kando ya kazi mbaya ya baba yako, ukasema ukweli, na ukweli wako ukageuzwa kichekesho. Nakuomba unisamehe. Sisemi leo. Nimekaa na jambo hili miaka kumi na miwili, siwezi kukudai ulimalize kwa safari moja ya basi.

Na nina furaha nawe, hilo pia nilitaka liandikwe mahali. Katika kazi zote ulizoweza kuchagua ulichagua hii, kwenye karakana ya mtu aliyekukosea, ukanishinda. Juzi nilikuona unapima ile meza ya mteja. Uliweka pima maji, ukatazama, halafu ukapiga magoti ukaangalia na chini ya meza. Hakuna aliyekufundisha kutazama chini.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuitia ndani ya sanduku lako la vifaa, uikute ukiwa umeshafika, na mimi niko huku, mbali, na simu nimeizima. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kuificha. Lakini nasikia sauti zenu kule njiani, wewe na mama yako mnabishana nani ameshika upande mzito, na naona nikiificha nitakuwa nimefanya kazi ile ile ya kuziba ufa kwa mara ya tatu.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, sasa hivi, ukishaweka mzigo chini. Kiti chako nimekivuta mbele ya changu. Kaa, mwanangu, usome yote nikiwa hapa, na ukiona nainuka kabla hujamaliza, niambie nikae.

Baba yako,
Rashidi